Joto Ndani ya Gari la Mwalimu Tajudin

KITUO CHA POLISI, KAMPALA MASHARIKI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Barnabé Murhula
Umri: Miaka 61
Uraia: Mkongo, mkimbizi aliyesajiliwa
Dini: Mkristo
Kazi: Fundi wa injini za magari
Makazi: Nsambya, chumba cha kupanga karibu na nyumba za reli
Lugha ya maelezo: Kiswahili
Tarehe: Jumamosi, 19 Aprili 2025
Yameanza: Saa tatu na dakika ishirini asubuhi
Yameandikwa na: Sajini Ajok

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu. Hakuna aliyeniita. Nilipofika kaunta asubuhi hii Sajini Ajok aliniuliza, "Mzee, wewe nataka nini? Hapa hakuna kesi yako." Nikamjibu kwamba kesi ipo, ila haijaandikwa. Ameniambia niseme ninachokijua kwa mpangilio, nisiruke. Mimi ni fundi, na fundi anayeruka hatua injini humuumbua mbele za watu. Sitaruka.

Ila jambo moja liandikwe kwanza, kabla ya mpangilio. Lile gari la rangi ya maziwa, Volkswagen namba UUD 638, lililoegeshwa nyuma ya kituo hiki tangu Jumanne, lisikabidhiwe kwa mtu yeyote leo. Bi Farhana, binti wa marehemu, atakuja kulichukua saa sita mchana. Anataka kulipeleka kwake Jinja akiwa na mama yake ndani. Wakifunga vioo na kufungua joto, naamini watakufa kama alivyokufa mwenye gari. Sajini ameniahidi kwamba ufunguo hautatoka mpaka nimalize kusema. Sasa naanza.

Nilizaliwa Bukavu. Nimetengeneza injini hizi za Volkswagen zinazokaa nyuma ya gari, zinazopozwa kwa upepo, zisizo na maji wala rejeta, tangu nina miaka kumi na saba. Niliingia Uganda mwaka 2012. Mke wangu Perpétue alikuwa anifuate baada ya miezi miwili, hakunifuata. Sajini ameuliza sababu. Hilo halihusiani na gari.

Nafanya kazi kwenye uwanja wa mafundi nyuma ya soko la Nakawa. Wenzangu pale wanatengeneza magari ya Kijapani. Mimi huletewa yale wasiyoyataka.

Mnamo tarehe 8 Januari 2024, saa nane mchana hivi, aliletwa pale Mwalimu Tajudin Mbaruku. Nasema aliletwa kwa sababu gari lake lilikuwa linavutwa kwa kamba na pikapu, naye ameketi ndani akishika usukani kama nahodha. Alikuwa mzee wa miaka 75, mkazi wa Kibuli, aliyefundisha watoto Kurani kwa miaka arobaini. Wazee wake walikuja Uganda na biashara kutoka pwani zamani sana, na Kiswahili chake kilinifanya mimi nione aibu kufungua mdomo.

Alishuka akasema, "Fundi, gari langu lina moyo lakini halina kifua. Kilima cha Kibuli linakipanda likiniomba nishuke."

Nilifungua injini nikaona pistoni zimekwisha. Nilimshauri anunue Toyota. Aliniangalia kama nimemtukania mama. Akasema gari lile alilinunua mwaka aliozaliwa Farhana, na kwamba mtu hamwachi mkewe kwa sababu amepungua pumzi. Basi tukakubaliana kwamba injini haitatengenezwa tu, itakuzwa.

Sajini ameomba nieleze maana ya kukuza injini kwa maneno ambayo hakimu ataelewa. Injini ile ilikuwa ya 1300. Ina silinda nne, na kila silinda ilikuwa na upana wa milimita sabini na saba. Tuliamua kuweka silinda za milimita themanini na tano na nusu, ili iwe 1600. Pistoni ikiwa pana inavuta hewa na petroli zaidi, na gari linapata nguvu. Watu hudhani ni kuchomeka tu. Silinda pana haziingii kwenye matundu ya zamani. Lazima bodi ya injini ikatwe, na vichwa vya silinda vikatwe, na ukipitiliza kidogo umeharibu vyote.

Kazi ya kukata niliipeleka kwa Odyek, mtu wa mashine ya kuchonga vyuma kule kwenye viwanda vya Nakawa. Odyek aliigeuza bodi mara tatu mkononi akasema, "Hii mimi naweza kata. Lakini kama napasuka, usikuje kulia hapa." Haikupasuka. Alikata vizuri kuliko nilivyotegemea. Naomba iandikwe kwamba Odyek hana kosa lolote katika jambo hili.

Tangu siku hiyo Mwalimu Tajudin alikuwa anakuja uwanjani kila siku baada ya sala ya adhuhuri, isipokuwa Ijumaa na Jumapili. Alikuja na chupa ya chai ya tangawizi na vitumbua alivyofungiwa na mkewe, Mama Hajara. Alikaa juu ya betri kuukuu na kunishikia tochi. Alikuwa msaidizi mbaya kupita wote niliopata maishani. Tochi alimulika viatu vyake. Ukimwomba spana ya kumi na saba alikupa ya kumi na tatu na maelezo juu yake. Alinicheka kwa sababu nilipiga pasi shati la kazi. "Mkongo wewe," alisema, "hata ukifa utaomba malaika wakusubiri ufunge vifungo." Mimi nilimwambia kama angefundisha Kurani kama anavyoshika tochi, Kibuli yote ingepotea njia. Alicheka mpaka chai ikamwagika.

Siku ya kuunganisha pande mbili za bodi nilimwambia anyamaze, kwa sababu ile gundi ikishapakwa inaanza kukauka na bolti lazima zikazwe moja moja kwa zamu yake bila kukosea. Alinyamaza dakika ishirini nzima. Nilipomaliza akaniuliza kwa sauti ndogo kama sasa anaruhusiwa kukohoa.

Sajini ameniuliza kazi kama hiyo huchukua muda gani. Nimejibu miezi minne, au mitano vipuri vikichelewa. Ameniuliza ya kwangu ilichukua muda gani. Ilichukua miezi kumi na tano. Ameniuliza kwa nini.

Hapa ndipo pagumu, na nimeomba maji kabla ya kuendelea.

Mwezi wa sita mwaka jana injini ilikuwa imefungwa, tayari kurudishwa garini. Niliifungua tena. Nilimwambia Mwalimu kwamba kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inacheza kupita kiasi. Haikuwa inacheza. Nilikuwa nimeipima mara mbili na ilikuwa sawa kabisa. Mwezi wa nane niliifungua kwa sababu ya valvu, nazo hazikuwa na neno. Kila mara alisema, "Kawia ufike, fundi," kisha akaketi juu ya betri yake na kumimina chai.

Nilifanya hivyo kwa sababu injini ikiisha angeacha kuja. Hakuna sababu nyingine. Pale uwanjani wananiita Mkongo, nyumbani kwangu mwenye nyumba ananiita Mpangaji. Kabla ya mzee yule zilikuwa zinapita wiki bila mtu kulitamka jina langu. Yeye alikuwa akiniita fundi mchana kutwa, lakini wakati wa kuondoka alisema, "Barnabé, kesho panapo majaliwa." Niliuzoea huo msemo. Kuna Jumapili niliona hasira kwa sababu tu ilikuwa Jumapili.

Kufika mwezi wa kumi na moja sikuwa na uongo mwingine wa kusema juu ya injini ile. Ilikuwa injini safi kuliko zote nilizowahi kufunga. Ndipo nikafikiria joto.

Naeleza. Gari hili halina maji ya moto ya kupashia watu joto kama magari mengine. Bomba la moshi la kila upande linapita ndani ya boksi la bati. Feni ya injini inapuliza hewa ndani ya boksi, hewa inapita kandokando ya bomba la moto, inapata joto, halafu inakwenda kupitia mifereji chini ya milango mpaka miguuni kwa dereva. Kuna mkono mdogo karibu na breki ya mkono wa kufungua na kufunga. Moshi uko ndani ya bomba, hewa iko nje ya bomba, na havikutani. Bomba likitoboka, vinakutana.

Kampala hakuna fundi anayeacha maboksi hayo. Kila gari la aina hii nililolifungua hapa, yamekwisha kung'olewa na kutupwa, maana nani anahitaji joto Kampala? Kwenye la Mwalimu pia yaling'olewa zamani. Fundi wa hapa asingefanya kosa nililolifanya mimi, kwa sababu lisingemjia akilini. Lakini mimi ni mtu wa Bukavu. Kwetu asubuhi ukungu unapanda kutoka ziwani na kioo cha gari kinakuwa cheupe, na gari lisilo na joto tunaliona halijakamilika. Mwalimu hakuniomba joto. Mimi ndiye niliyemwambia, "Mwalimu, ungependa Mama apate joto miguuni wakati wa mvua?" Mama Hajara alikuwa ameugua mwaka ule na alikuwa anasikia baridi hata jua likiwa kichwani. Macho ya mzee yaling'aa. Akasema, "Hilo linawezekana?" Nikasema linawezekana, ila litachukua muda.

Nilizunguka miezi mitatu nikitafuta maboksi. Ningeweza kuyapata kwa mwezi mmoja. Nilipata mawili kwenye gari bovu. La kulia lilikuwa zima. La kushoto, bomba la ndani lilikuwa na tundu la kutu, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Nilijaribu kuchomelea, bati likazidi kuungua kwa sababu lilikuwa limeliwa na kutu pande zote. Nikaweka kiraka cha shaba, na juu yake nikapaka ile dawa ya kuzibia ekzosi. Nililijaribu juu ya meza kwa kuziba upande mmoja na kujaza moshi wa karatasi kwa pampu. Hakukutoka moshi.

Sajini ameuliza kama niliridhika. Nasema kweli: nililijaribu likiwa baridi. Bomba hilo likiwa garini linakuwa jekundu. Na injini niliyokuwa nimeikuza inatoa moshi mwingi na wa moto kuliko ile ya zamani. Nilijua hayo yote. Ningekuwa nafundisha kijana kazi ningemwambia atupe boksi lile. Lakini lingetupwa ningemwambia nini Mwalimu, niliyekwisha kumwahidi? Na yeye alikwisha kumwahidi mkewe. Basi nikajiambia kiraka kitashika.

Tarehe 14 Aprili mwaka huu, Jumatatu, injini ilirudishwa garini na nikaiwasha. Niliiacha ingurume kwa kasi dakika ishirini kama inavyotakiwa kwa injini mpya. Ilinguruma bila kikohozi. Mwalimu alikuwa anakuja adhuhuri tu, kwa hiyo niliisikiliza peke yangu.

Tarehe 15 Aprili, Jumanne, alifika saa mbili na dakika arobaini asubuhi, si kawaida yake. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia mpya. Mafundi wote waliacha kazi kumtania. Aliwasha mwenyewe. Alikaa akisikiliza, mikono juu ya usukani, na machozi yakamtoka, nami nikaangalia pembeni.

Aliniambia hivi: "Twende wote, Barnabé. Umeijenga wewe, kaa mbele hapa nikutembeze mjini kama waziri."

Nilikataa. Nilimwambia kwamba injini mpya haibebi mzigo kwa kilomita mia za kwanza. Mtu mmoja tu ndani, usizidishe kilomita sitini kwa saa, ubadilishe mwendo mara kwa mara. Ndiyo kanuni niliyofundishwa na ndiyo ninayoifuata. Sajini ameniuliza uzito wangu. Ni kilo sabini. Kilo sabini zisingeidhuru injini ile. Ukweli ni kwamba nilinuna. Kazi ilikuwa imekwisha, yeye anafurahi, na mimi sikuweza kufurahi naye. Ningekaa kwenye kiti kile ningeijua harufu ya moshi kabla hatujafika mbali.

Maana alinusa. Kabla ya kuondoka alinusa hewa akasema, "Fundi, mbona kuna harufu?" Nilijibu bila hata kuingiza kichwa ndani ya gari. Nilisema, "Ile harufu njo ya rangi mupya na mafuta inaungua, Mwalimu. Itaisha yenyewe. Usiogope." Na kweli injini mpya hunuka hivyo siku za kwanza. Kwa hiyo alipoisikia tena njiani, hakuwa na sababu ya kuogopa. Alikuwa ameambiwa na fundi wake.

Nilimwonyesha pia mkono wa joto. Nikamwambia mvua ikinyesha na kioo kikiingia ukungu, afungue, kioo kitasafika. Alisema atakwenda bandarini Port Bell kwa sababu barabara ile haina vilima vikali vya kuitesa injini. Aliondoka saa nne na dakika tano. Hakusema "kesho panapo majaliwa," kwa sababu hapakuwa na kazi ya kesho. Alipiga honi mara mbili.

Mvua ilianza saa nne na nusu. Nilikusanya vifaa vyangu, nikafuta mahali gari lilipokuwa limesimama tangu mwaka jana. Niliketi hapo mpaka saa saba bila kufanya kazi yoyote.

Kilichofuata sikukiona, nimekisikia. Saa saba na dakika arobaini mlinzi mmoja wa Port Bell alilikuta gari kando ya barabara, karibu na reli, vioo vimefungwa, waipa zinafuta, injini inawaka. Mwalimu alikuwa ameegemea kiti kama amesinzia akisubiri mvua ikatike. Sajini Ajok aliyefika pale ameniambia leo kwamba injini ilikuwa inanguruma taratibu bila kutetemeka hata kidogo. Nilipoambiwa hivyo, kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa fahari. Naona aibu, lakini nimeambiwa niseme yote.

Daktari alisema ni moyo. Mwalimu alikuwa na presha, kila mtu alijua. Alizikwa siku ya pili, tarehe 16, kabla ya alasiri, kama dini yao inavyotaka. Nilikuwapo makaburini. Nilisimama nyuma. Nilikubali kwamba ni moyo. Nililia kama wengine wanavyolilia mtu aliyefika umri wake.

Jana, Ijumaa tarehe 18, ilikuwa siku ya tatu ya msiba. Baada ya ibada ya Ijumaa Kuu, saa kumi jioni hivi, nilikwenda Kibuli kuwapa pole. Fahim, mpwa wa marehemu, alinikaribisha kwenye mkeka. Yeye ni miongoni mwa waliomwosha. Wazee walikuwa wanamuuliza habari za kuosha, naye akasema, "Wallahi, sijawahi kuona maiti ya namna ile. Midomo myekundu, kucha nyekundu, viganja vyekundu. Kama mtu aliyetoka kuoga maji ya moto." Wazee wakasema Alhamdulillahi, hiyo ni alama ya mwisho mwema.

Nilishika kikombe lakini sikunywa. Mwaka 1996 kule Bukavu, msimu wa mvua, majirani zetu watatu walilala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mimi nilisaidia kuwatoa. Midomo yao ilikuwa hivyo hivyo. Moyo hauwapi watu rangi ile. Inatokana na moshi.

Mama Hajara aliposikia nimefika aliniita mlangoni. Alikuwa ametulia kuliko nilivyotarajia. Aliniambia, "Barnabé, umesikia alivyoondoka? Uso wake ulikuwa kama wa bwana harusi. Mungu amempenda. Mimi hilo tu linanitosha, mwanangu." Mimi nina miaka 61 na yeye ananiita mwanangu. Alikuwa ameniwekea sahani yangu pembeni, imefunikwa, kwa sababu alijua nimefunga siku hiyo.

Nilitaka kusema pale pale. Nilifungua mdomo. Ndipo Bi Farhana akaja akasema, "Kaka Barnabé, kesho saa sita naenda polisi kulichukua gari la baba. Nitampeleka mama Jinja akakae eda kwangu, shehe ameruhusu kwa sababu ya ugonjwa wake. Baba alimwambia asubuhi ile kwamba gari sasa lina joto, na mama anavyosikia baridi, si ndilo la kumpeleka?" Watoto wawili wa Farhana walikuwa wanauliza nani atakaa mbele.

Nilisema nimechelewa, nikaondoka bila kula. Sajini ameniuliza kwa nini sikuwaambia familia palepale. Nilimwangalia yule mama uso wake. Alikuwa na kitu kimoja cha kushika, na mimi ndiye niliyekuja kukichukua. Nilishindwa kumpokonya nyumbani kwake, mbele ya sahani aliyonifunikia. Nikaona ni heri nije kwa watu wasionijua.

Nimefikiria pia kwamba ningeweza kunyamaza kabisa. Ningeweza kumwambia Farhana kwamba boksi la kushoto linahitaji kukazwa, nikaling'oa na kulitupa, na mtu asijue mpaka Kiyama. Nililiwaza jambo hilo njia nzima kutoka Kibuli mpaka Nsambya. Lakini nilikwisha kumdanganya mzee yule mwaka mzima kuhusu injini yake. Sitaki kumdanganya na kaburini.

Ninachoomba ni haya. Gari lisiwashwe vioo vikiwa vimefungwa. Boksi la kushoto lifunguliwe na mtu anayejua, na kama hakuna anayejua mimi nipo. Bolti ya chini imebana, msiilazimishe. Nilimwomba Sajini pia asimwambie Mama Hajara habari ya rangi ya midomo, amwambie tu kwamba gari lina hitilafu. Amenijibu, "Mzee, kile nimeandika, nitasoma kwao. Mimi siwezi ficha." Nimeelewa. Naomba basi asomewe akiwa amekaa, na Farhana awe karibu.

Sikumuua kwa kukusudia. Lakini lile joto lilikuwa langu. Niliyatafuta yale maboksi ili mzee aendelee kuja.

Nimesema yote niliyoyajua. Nimesomewa, ni maneno yangu, na sina la kuongeza wala la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: B. Murhula
Muda: Saa tano na dakika tano asubuhi

MAELEZO YA AFISA

Nimeyaandika maelezo haya kwa Kiswahili na kumsomea shahidi, akakubali na kutia sahihi mbele yangu kwa hiari yake. Ufunguo wa gari UUD 638 umefungiwa. Saa tano na dakika kumi na tano nilimpigia Bi Farhana asije kuchukua gari. Nilimweleza sababu. Aliuliza kama ni lazima mama yake ajue.

Saa tano na nusu mkaguzi wa magari alifungua boksi la kushoto mbele yangu. Kiraka kimeachia upande mmoja. Mwanya unapitisha ncha ya kalamu. Shahidi alisimama pembeni, hakusogea kuangalia. Aliuliza tu kama bolti ya chini ilisumbua.

Shahidi amezuiliwa kituoni kusubiri maelekezo. Nilimuuliza ni ndugu gani ajulishwe kwamba yuko hapa. Alitaja namba ya simu bila kufikiri. Nilipoipiga, iliita ndani ya droo yangu, kwenye bahasha ya vitu vya marehemu. Shahidi aliomba radhi. Alisema ndiyo namba pekee aliyoishika kichwani. Nilimuuliza kama kuna mtu mwingine.

Nafasi ya ndugu wa karibu haijajazwa.

Sajini Ajok
19/4/2025, saa sita na dakika kumi mchana